Kwa Matumizi ya Ofisi Tu

Siku ile Bi Leoleo aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akacheka peke yake kitandani. Hakuwa ameota kitu. Alikumbuka tu kwamba leo, ikifika saa kumi ya alasiri, atakuwa mgombea ubunge, na wazo lenyewe likamtekenya mbavu. Mumewe, fundi saa, akageuka na kuuliza kulikoni.

"Mimi!" akasema Bi Leoleo. "Bungeni! Mimi huyuhuyu!" Akajifunika shuka gubigubi, akacheka mpaka kitanda kikaanza kulia.

Ninyi msiomjua niwaambie mapema, tusije tukalaumiana. Hilo jina hakupewa na wazazi wake, alipewa na wananchi. Miaka ishirini na minne alikaa dirisha namba tatu pale masjala ya wilaya, mnapokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo na vyote vya katikati. Mnazijua ofisi hizi, sina haja ya kuwasimulia. Dirisha la kwanza utaambiwa njoo kesho. La pili utaambiwa mwenye ufunguo katoka. Ukifika la tatu, yule mama alikuwa ameshaisoma fomu yako ingali mkononi mwako, kichwa chini miguu juu, maana karani wa kweli husoma karatasi iliyopinduka kama wengine tunavyosoma mabango. "Hapa umeruka mstari," angekwambia. "Hapa tarehe siyo. Chukua kalamu, kaa benchi lile, rekebisha. Cheti unaondoka nacho leoleo." Basi jina likamganda.

Sasa, mtumishi wa serikali haruhusiwi kugombea akiwa kazini. Bi Leoleo alikuwa ameacha kazi mwezi mzima uliopita, barua akaiandika mwenyewe na kuipiga muhuri mwenyewe. Dirisha namba tatu lilishapata bwana mwingine, ambaye wiki ya kwanza tu alikwishaanza njoo-kesho zake. Kurudi hakuna. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mwenzetu alikuwa amevua mpaka viatu. Fomu yake ikikataliwa leo, hana kazi, hana ugombea, na ataketi nyumbani akimtazama mumewe akifungua saa za watu.

Mpinzani alikuwa mmoja tu, lakini mmoja huyo, jamani! Mheshimiwa alikuwa bungeni miaka ishirini, na vipindi viwili vya mwisho alipita bila kupingwa kwa sababu hakuna aliyethubutu. Alikuwa na neno moja, uzoefu, akilitia kila mahali kama chumvi. Ukimuuliza barabara, uzoefu. Ukimuuliza maji, uzoefu. Mabango yake yalitapakaa mji mzima, yeye kakunja mikono, na chini yake maneno: UZOEFU HAUUZWI DUKANI. Watu mgongoni kwake walimwita Mzee Uzoefu. Alipolisikia akafurahi, maskini wa Mungu, akadhani anasifiwa.

Fomu ya kugombea ilikuwa na kurasa sita. Bi Leoleo alizijaza zote siku ya kwanza isipokuwa mistari minne ya ukurasa wa nne, palipoandikwa: Uzoefu wa mgombea katika uongozi. Siku tisa mistari ile ilimkodolea macho. Asubuhi hiyo akaiweka mezani, katikati ya vikombe vya chai, familia imsaidie.

"Andika umekaa na mimi nyumba moja miaka kumi na tisa na hatujagombana," alisema mama mkwe wake, ajuza mwenye ulimi usiolala.

"Mama, tumegombana."

"Hatujagombana mbele za watu. Huo ndio uongozi, mwanangu. Andika."

Fundi saa alikuwa na saa tatu mkononi, zote kazitega sawasawa kwa ajili ya siku hiyo. Akasema, "Andika kweli tupu. Dirisha namba tatu, miaka ishirini na minne."

Bi Leoleo akaandika hivyo hivyo. Ukajaa mstari mmoja. Mitatu ikabaki mitupu, na kile kicheko cha alfajiri kikamkauka kooni. Je, kama yule mzee anasema kweli? Yeye anajua nini cha bajeti, cha miswada, cha mikataba na nchi za nje? Anajua muhuri na wino. Aliogopa, na akasema waziwazi kwamba anaogopa.

"Uoga si dhambi," mama mkwe akamjibu huku akijimiminia chai. "Ila ukirudi nyuma sasa, mimi huko msibani na harusini nitaficha wapi uso? Nimeshawaambia wote."

Basi akaipitia fomu kwa mara ya kumi na moja, kurasa zote sita, kwa makini yake yaleyale ya kazini, akaridhika. Akaitia kwenye bahasha. Kicheko kikarudi, tena na nduguze.

Ukumbi wa wilaya ulifunguliwa saa tisa kamili. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa bwana mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo, na mbele yake meza, muhuri na saa ya ukutani. Akasoma masharti. Fomu yenye kosa inarudishwa kwa mwenyewe. Ikirudi safi kabla ya saa kumi inapokelewa, na baada ya hapo hata sekunde moja haipokelewi. Zamu zilikuwa zimepangwa kwa kura: Mheshimiwa kwanza, Bi Leoleo wa pili. Wa pili haitwi mpaka fomu ya wa kwanza ipokelewe au irudishwe.

Na wa kwanza hakuwepo! Bi Leoleo akaketi benchi la mbele, kushoto mumewe, kulia mama mkwe, akawa anapiga visigino sakafuni kama msichana anayesubiri matokeo. Nje madirisha yalijaa vichwa vya watu. Fundi viatu mmoja wa mtaani alikuwa amewahi dirisha zuri kuliko yote, akajipa kazi ya kuwatangazia walio nyuma yake kama mpira wa redioni: "Mama kakaa! Mama kakohoa! Mzee bado hajaonekana uwanjani!"

Saa tisa na nusu zikasikika tarumbeta. Mheshimiwa akaingia na bendi mpaka mlangoni, nyuma yake umati wa watu mia mbili wenye fulana mpya zenye sura yake. Yeye mwenyewe alipendeza, tusimnyime haki yake. Katibu wake alimfuata na bahasha nene. Mheshimiwa akapeana mikono na kila mtu, akampa hadi fundi viatu kupitia dirishani, kisha akaja kuketi benchi lilelile la Bi Leoleo apumzike kabla ya kwenda mezani.

"Binti yangu," akaanza kwa upole, "nasikia unakuja kwetu."

"Nakuja, Mheshimiwa. Nikijaliwa."

"Vizuri. Nakupongeza. Lakini Bunge si dirisha."

"Kwani tofauti yake nini? Watu wanakuja, wanaomba, wanasubiri."

Mheshimiwa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekula akashiba. "Hapo ndipo ugeni wako unapoonekana. Utu uzima dawa, binti, na uzoefu ni dawa ya dawa."

Mama mkwe akachungulia kutoka upande wa pili. "Dawa ikikaa sana kabatini inaharibika, mwanangu. Umeangalia tarehe yako?"

Benchi zima likatikisika. Fundi viatu akayarusha nje neno kwa neno, na kicheko kikazunguka jengo. Mheshimiwa, ili kuficha aibu, akamwomba katibu fomu yake akaifungua mapajani, akijifanya anahakikisha jambo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana Bi Leoleo hakutaka kuangalia. Nawaapia, hakutaka. Lakini macho ya karani hayaombwi ruhusa. Karatasi ikifunguliwa umbali wa mkono mmoja, yanaruka yenyewe kama paka kwenye samaki. Ulikuwa ukurasa wa wadhamini, wapiga kura ishirini na watano wa jimbo lile wanaomdhamini mgombea, kila mmoja na namba ya kadi yake. Namba kwa Bi Leoleo zilikuwa kama sura za watu. Akaziona, akazipita, akarudi. Namba saba na namba kumi na tisa walikuwa mtu mmoja. Jina limeandikwa mara ya kwanza kwa wino wa bluu na mara ya pili kwa mweusi, lakini kadi ni ileile.

Wadhamini ishirini na wanne. Fomu mbovu.

Damu ikampanda kichwani. Akamkanyaga mumewe mguu. Akamnong'oneza sikioni, na fundi saa akafumba macho kupiga hesabu, akayafumbua yakiwa makubwa kama visahani.

"Akipeleka hivyo inarudishwa, zamu inakuwa yako," akanong'ona. "Atapoteza muda kutafuta mtu. Ukiingia wewe, umepita bila kupingwa. Mke wangu! Saa kumi na dakika moja wewe ni mbunge!"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Nyamaza hivyohivyo. Leo dirisha limefungwa. Umejiuzulu."

"Mimi nimejiuzulu. Macho hayajajiuzulu."

Loo, mngemwona! Kicheko kilimjaa kifuani, akauma ncha ya mtandio wake, akatazama dari, akahesabu feni. Mbunge! Bila mkutano hata mmoja, bila kupanda jukwaa, bila kuulizwa mikataba ya nchi za nje! Mheshimiwa akafunga fomu yake na kusimama, akaweka koti sawa. Akapiga hatua ya kwanza kuelekea mezani. Akapiga ya pili.

"Mheshimiwa," akasema Bi Leoleo, "ukurasa wa tatu. Namba saba na namba kumi na tisa ni mtu mmoja."

Fundi saa akajipiga kofi la paji la uso, likasikika ukumbi mzima.

Mheshimiwa akageuka taratibu. Akafungua ukurasa, akatazama, akamtazama katibu wake, na katibu akatazama viatu vyake. "Kwa nini umeniambia?" Mheshimiwa aliuliza. Safari hii hakumwita binti.

"Sijui," akajibu Bi Leoleo, na kweli hakujua vizuri. "Sijawahi kumwacha mtu aende na fomu mbovu naiona. Na halafu nataka nikushinde, Mheshimiwa. Nikipita kwa kosa la katibu wako, miaka mitano watasema nilipita kwa kosa la katibu wako."

"Mama kamwambia!" fundi viatu akapiga kelele dirishani. "Kampa mpira mwenyewe! Jamani, kampa mpira miguuni!"

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika arobaini. Mheshimiwa akamwambia katibu: nje kuna watu mia mbili wetu, lete mmoja mwenye kadi ya kupigia kura. Jambo jepesi. Katibu akatoka mbio. Dakika moja ikapita, mbili, nne. Katibu akarudi peke yake, jasho linamtoka.

"Wanazo kadi," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi lete mmoja!"

"Za jimbo la jirani, Mheshimiwa. Wote. Tuliwaleta na mabasi kutoka kule, hukumbuki? Hata wapiga tarumbeta."

Aaah, kicheko kilichopigwa hapo sijui nikiweke wapi. Fundi viatu alishindwa hata kutangaza, akajishika tumbo na kuporomoka, wenzake wakamwinua arudi kazini. Msimamizi mwenyewe aliinama chini ya meza akijifanya kaangusha kalamu, na alikaa huko muda mrefu. Bi Leoleo naye alicheka mpaka machozi, kisha akaitazama saa, na kicheko kikamkatika. Zamu yake haikuwa imefika. Huyu asipomaliza, yeye haingii.

Walikuwapo wapiga kura wa jimbo ukumbini na madirishani, ndiyo, lakini wengi wao walikuwa wamemdhamini Bi Leoleo, na mtu haruhusiwi kudhamini wawili. Waliobaki walikwishazificha kadi zao na kutazama pembeni, wanangoja waone mzee anavyonyolewa.

"Mimi ninayo," ikasema sauti.

Ilikuwa ya mama mkwe. Bi Leoleo hakuwa amemwomba udhamini, watu wasije wakasema ni mambo ya kujuana. Ajuza akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, kutoka kwenye kitambaa akatoa mfuko wa plastiki, na kutoka humo kadi safi kama imezaliwa jana.

"Mama!" fundi saa akasema.

"Niache. Kijana," akamwambia Mheshimiwa, ambaye alikuwa na wajukuu sita, "nakudhamini. Si kwa sababu nakupenda. Mkwe wangu anataka mtu wa kumshinda, na siwezi kumwona anakosa. Lete kalamu. Na simama wima nikikusainia, usijikunje kama umeiba."

Mheshimiwa akasimama wima. Namba kumi na tisa ikafutwa, jina la ajuza likaandikwa, saini yake ikatambaa polepole kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho huku ukumbi mzima ukimsindikiza kwa pumzi. Fomu ikaenda mezani, Msimamizi akaikagua ukurasa kwa ukurasa, muhuri ukalia. Nje bendi ikalipuka. Saa tisa na dakika hamsini na mbili.

"Wa pili," akasema Msimamizi.

Bi Leoleo alikwenda kama anayecheza. Akaitoa fomu kwenye bahasha na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Akawaza, fomu hii ingekuja dirishani kwangu ningembusu mwenye fomu. Msimamizi akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Alifika wa sita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, hapa pamesainiwa."

"Pamesainiwa na nani?"

"Na wewe."

Akamgeuzia karatasi, ingawa hapakuwa na haja. Chini kabisa ya ukurasa wa sita palikuwa na kisanduku chenye mstari mzito, juu yake maandishi: Kwa matumizi ya ofisi tu. Na ndani ya kisanduku, kwa mwandiko mzuri kuliko wote wilayani, Bi Leoleo alikuwa ameandika: Imekaguliwa. Haina kosa. Akatia saini yake ya miaka ishirini na minne, na tarehe.

Nyani haoni kundule. Ni yeye, asubuhi ile, baada ya kuipitia mara ya kumi na moja. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Ukurasa umeharibika," akasema Msimamizi kwa sauti yake ya msiba, na safari hii ilifaa. "Nikipokea hivi, yeyote anaweza kuupinga. Lete ukurasa wa sita mwingine, ujaze, nipokee. Huo hauna wadhamini, unatosha peke yake."

"Nipe."

"Sina. Fomu ziligawiwa zote. Una dakika saba."

Hapo kilitokea kitu ambacho Bi Leoleo hakuwa amekijua maishani. Masikio yalimziba. Sauti ya yule bwana ikawa inatoka mbali. Maelfu ya watu alikuwa amewaambia, kwa wema kabisa, hapa umekosea, kaa benchi lile. Aliona nyuso zao zikibadilika, akadhani wanashangaa tu, jambo lenyewe la dakika tano. Kumbe hivi ndivyo. Miaka yote ile alikuwa upande wa pili wa kioo, na upande huu hakuwahi kusimama hata siku moja. Aliona aibu, akataka kuwaomba radhi wote, mmoja mmoja.

Aligeuka. Mumewe alikuwa amesimama, mikono kichwani. Na pale benchi la mbele, katibu wa Mheshimiwa alikuwa amekumbatia bahasha yake nene. Kila mtu ukumbini akaitazama bahasha ile kwa pamoja, maana mtu aliyegombea mara nne anajua kwamba fomu huharibika, na hachukui moja. Alikuwa nazo tatu.

"Mheshimiwa, usijibu kitu," katibu akanong'ona, na ukimya ulikuwa mkubwa hata kunong'ona kukawa kutangaza. "Dakika sita tu. Tukae kimya. Tumepita bila kupingwa."

Mheshimiwa akanyoosha mkono. Akachukua bahasha, akaiweka mapajani, akaiwekea mkono juu.

Bi Leoleo akaenda mpaka mbele yake. Angeweza kumkumbusha ya robo saa iliyopita. Angeweza kuita umati ushuhudie. Akasimama tu, mikono kaifumbata, kama walivyosimama wote waliokuja kwake.

"Naomba," akasema.

Mheshimiwa akamtazama muda mrefu kwa watu wenye dakika tano. Kisha akaanza kucheka, si kile kicheko chake cha shibe, kingine, cha chinichini, kinachomshangaza mwenyewe. "Miaka ishirini naombwa," akasema. "Barabara, maji, zahanati, daraja. Kila mtu namjibu tutalifuatilia. Wallahi hii ni mara ya kwanza naombwa kitu na ninacho mkononi."

Akafungua bahasha na kuchomoa ukurasa wa sita.

Jamani, shangwe! Bi Leoleo akapiga magoti kwenye benchi na kuanza kujaza, lakini mkono ulikataa. Mkono ule ulioandika nusu ya wilaya hii ulitetemeka mpaka kalamu ikaanguka. Ikabidi Mheshimiwa ainame pembeni yake na suti yake yote, amsomee mstari kwa mstari, polepole kama anamsomea mtoto imla. Jina kamili. Haya. Jimbo. Haya. Natamka ya kwamba. Haya, binti, vuta pumzi. Fundi viatu akatangaza kila herufi, umati ukaitikia, hata wale wa jimbo la jirani ambao hayawahusu. Alipomaliza mstari wa mwisho kalamu ikaanza kuteremka yenyewe kuelekea kisandukuni, na Mheshimiwa akaudaka mkono.

"Hapo usiguse!"

Muhuri ulilia saa kumi kasoro dakika moja. Fundi saa alizitazama saa zake zote tatu, akaketi sakafuni akalia kama mtoto.

Nje, bendi haikujua imshangilie nani. Kiongozi wa tarumbeta akauliza, hakujibiwa, basi wakapiga tu, na mama mkwe akateremka ngazi akicheza mikono juu, fulana mia mbili zinampisha. Bi Leoleo alisimama juu ya ngazi, kicheko kinamjia na kuondoka. Mheshimiwa akaja kusimama kando. Alikuwa amefungua kifungo cha shati, na kwa mbali alifanana na mtu wa kawaida.

"Nikuulize kitu," akasema. "Miaka kumi sijapanda jukwaani kupingwa. Jumamosi kuna mdahalo, wewe na mimi, watu watauliza maswali. Mimi nitasema nini?"

"Waambie ukweli tu, Mheshimiwa. Yaliyofanyika na yasiyofanyika."

Mheshimiwa akautazama ule umati wake wa kukodi, akajikuna shingo.

"Ukweli," akasema. "Huo sina uzoefu nao."

Wala hakuwa anatania.